Waacheni Wakumbuke Choo

Familia imerudi kutoka Ulaya: siku 12, nchi tano. Wageni wameketi sebuleni, mama anaanza na mnara wa Eiffel, na kabla hajafika kileleni mtoto anadakia kwamba kule Ujerumani choo cha kando ya barabara kuu kina geti la sarafu, tena ukilipa unapewa kuponi ya kupunguziwa bei dukani. Wageni wanaangua kicheko. Mama anacheka nao, lakini moyoni anapiga hesabu: nauli, hoteli, bima, na mwanawe amerudi na choo. Imani ninayoipinga ndiyo hiyo iliyomkaa moyoni: kwamba safari ya namna hii ina mchele na pumba, mchele ukiwa makumbusho na makanisa makuu, na vituko vya njiani vikiwa pumba. Wanaopepeta hivyo humwaga mchele.

Tuanze na kile kinachoitwa mchele. Mona Lisa ni picha ya sentimita 77 kwa 53, imewekwa nyuma ya kioo, na mbele yake kuna msitu wa simu zilizoinuliwa. Mtoto alishaiona kwenye vitabu na fulana. Akifika Louvre, jipya analolikuta ni kwamba ni ndogo. Brussels nako, kisanamu mashuhuri cha mvulana anayekojoa hakizidi sana nusu mita, ila kina mavazi zaidi ya 1,000 ya kubadilishiwa. Anayecheka pale ameona kilichopo. Anayejilazimisha kustaajabu anaigiza tu, na maigizo huchuja upesi.

Mwaka 1997 Terence Mitchell, Leigh Thompson na wenzao walichapisha utafiti uliofuatilia watu kabla ya likizo zao, wakiwa ndani yake na baada yake. Kundi moja lilikuwa la wasafiri wa siku 12 Ulaya. Kwa jumla, watu walizikumbuka safari hizo kuwa tamu kuliko walivyokuwa wakiripoti wenyewe wakiwa njiani. Mwenye kushuku atasema basi kumbukumbu ni mwongo. Mimi nasema ni msimulizi. Kero ya kupotea, njaa na mvua hukaa kidogo mwilini. Ikishaondoka, kinachobaki ni kisa, na kisa ni mali ya familia nzima kwa sababu kila mmoja ana nafasi yake ndani yake. Mnara hauna nafasi hiyo. Mnara ni wa kila mtu.

Lakini hoja yangu haisimami kwenye utamu peke yake. Kwenye kituko ndipo bara linapoonyesha mishono yake. Mtoto anayegundua kwamba neno burro ni siagi kwa Waitaliano na punda kwa Wahispania amejifunza jambo kuhusu lugha ndugu ambalo hatalisahau. Au chukua mji wa Baarle. Huko vipande 22 vya Ubelgiji vimezungukwa na ardhi ya Uholanzi, na mpaka umechorwa kwa misalaba myeupe barabarani. Kwa desturi, nyumba ni ya nchi ambako mlango wake wa mbele upo. Nyumba moja mpaka umepita katikati ya mlango, hivyo ina namba mbili, moja ya kila nchi. Familia ya Nairobi au Dar es Salaam iliyokusanya taarifa za benki na kulipa yuro 90 kwa kila mtu mzima, ada ya viza ya Schengen tangu Juni 2024, inafika hapo na kukuta kwamba mpaka ule mzito kule ubalozini, hapa ni rangi iliyopita kando ya meza ya mgahawa. Mtoto anaruka huku, anaruka kule, anacheka. Ni nani aliyeuelewa mkataba wa Schengen wa mwaka 1985 kuliko yeye?

Kuna wanaosema, kama ni vichekesho, si wabaki nyumbani? Hapana. Nyumbani unajua choo kinafunguliwaje. Kituko kinahitaji ujinga wa mgeni, na ujinga huo ndio ulionunuliwa kwa nauli. Pingamizi zito zaidi ni la adabu: kwamba tunawafundisha watoto kuwacheka wenyeji. Hatari hiyo ipo, na visa vya kumkejeli mtu kwa lafudhi yake sivitetei. Ila angalia nani hasa anachekwa katika visa vinavyodumu. Mfikirie baba Mwislamu wa Tanga aliyeketi mgahawani Sofia, akiuliza kwa ishara na kwa picha ya simu kama supu ina nguruwe. Bulgaria, kwa desturi, kichwa kikishuka na kupanda ni hapana, na hapana yenyewe ni “ne”. Mhudumu anatikisa kichwa namna hiyo, anasema “ne”. Baba anaona ndiyo, mtoto anasikia nne, na wanajiuliza nguruwe wanne wameingiaje kwenye bakuli moja. Bakuli linasukumwa kando, baba analala na mkate mkavu, na supu ilikuwa ya kuku.