Ufunguo wa Amana Aushike Nani?

Mama anapompeleka mwanawe kliniki kuchanjwa, taarifa huandikwa, hujumlishwa na wenzake, kisha hufikishwa wizarani. Taarifa hizo ni amana, na mwenye kukabidhiwa amana hana budi kuushika ufunguo wake.

Serikali inaponunua programu ambayo msimbo wake umefichwa, hulipia leseni, na ikitaka kurekebisha jambo dogo humsubiri mwenye mali. Programu huria si hivyo. Msimbo wake uko wazi. Mwenye ujuzi aweza kuukagua, kuurekebisha na kuutumia bila ada ya leseni.

Mfano ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambao chimbuko lake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Tanzania na Kenya zinautumia, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamo katika kuuendeleza. Mwaka 2020, Sri Lanka iliuongezea sehemu ya kufuatilia wasafiri wakati wa Korona. Nchi nyingine zikanufaika na kazi hiyo.

Hatusemi kwamba huria haina gharama: seva hununuliwa na mafundi hulipwa. Lakini fedha hizo zaweza kuwalipa vijana wetu, na ujuzi ukabaki nyumbani. Basi wazazi, tuwahimize wanetu, wa kike na wa kiume, waisome fani hii; kwani amana haiwezi kulindwa na asiyeijua.