Taa za Wanawali na Motokaa Zetu



Sote twakijua kisa cha wanawali kumi waliomngoja bwana arusi. Wote walikuwa na taa, na wote walisinzia. Tofauti yao ilikuwa moja tu: watano walichukua akiba ya mafuta, watano hawakuchukua. Wale watano wa pili hawakuwa watu wabaya. Hawakuwaza tu kwamba usiku waweza kuwa mrefu.

Juma hili tukae jamvini tuongee juu ya mafuta mengine, yale yanayoendesha motokaa, malori na pikipiki. Je, yatakwisha? Na yakipungua, sisi wa vijiji vya Songea tutakuwa upande gani wa mlango?

Mafuta haya hayapandwi yakaota. Yalifanyika chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, na kila pipa likichomwa halirudi tena. Dunia nzima hutumia mapipa kama milioni 100 kila siku. Jirani zetu wa Uganda waligundua mafuta karibu na Ziwa Albert mwaka 2006, na hiyo ndiyo asili ya lile bomba la kilometa 1,443 la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Mafuta yanayotazamiwa kutolewa huko ni mapipa kama bilioni 1.4. Ni mali nyingi. Lakini chukua kalamu ugawanye mwenyewe: kwa dunia nzima hayo ni mafuta ya siku 14 tu.

Hata hivyo, mafuta hayatakauka kwa siku moja kama maji ya mtungi. Yatakuwa ghali, yatakuwa ya kugombewa, na atakayekosa kwanza ni yule aliye mbali na bandari. Wazee watakumbuka. Mwezi wa Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta yao, na kufika mwanzo wa 1974 bei ilikuwa imepanda karibu mara nne. Mwaka 1979 bei ikapanda tena baada ya mapinduzi ya Irani, nasi ndiyo kwanza tumetoka katika vita vya Kagera. Katika miaka ile ya shida Serikali ilikataza motokaa za watu binafsi kutembea Jumapili alasiri. Tena mwaka 2022, kwa sababu ya vita vya Urusi na Ukreini, Serikali ilibidi itoe ruzuku ili bei ya petroli na dizeli isituvunje mgongo.

Labda wewe msomaji wasema: “Mimi sina motokaa, haya yanihusu nini?” Ndugu yangu, yakuhusu kuliko mwenye motokaa. Songea hatuna reli. Reli ya TAZARA inapita Makambako, karibu kilometa 300 kutoka kwetu. Mbolea huja kwa lori, na mahindi huondoka kwa lori. Tuseme, kwa mfano tu, gunia la mahindi lanunuliwa Dar es Salaam shilingi 70,000, na nauli ya lori ni 10,000. Mnunuzi hawezi kukupa zaidi ya 60,000, na humo ataondoa faida yake. Dizeli ikipanda, nauli ikawa 15,000, bei ya Dar es Salaam haitapanda kwa ajili yako, maana huko hufika pia mahindi ya karibu, ya Morogoro na Dodoma. Zile 5,000 zimetoka mfukoni mwako. Kisha ukienda kununua mbolea, nauli yake iliyopanda utailipa wewe pia. Ni msumeno: wakata mbele na nyuma.

Huko ng'ambo wameanza kujaza vibuyu vyao. Norwei, nchi inayouza mafuta, mwaka 2024 karibu motokaa 9 katika kila 10 mpya zilizonunuliwa zilikuwa za umeme. Mwaka huo huo Ethiopia ilikataza kuingiza motokaa za petroli na dizeli, kwa sababu umeme wa mito inao, bali fedha za kigeni za kununulia mafuta hazitoshi. Basi tuangalie sana. Wenzetu wakiziacha motokaa zao za petroli, zitaletwa kwetu kwa bei ya kuvutia. Gari la bei rahisi linalokunywa mafuta ya bei ghali ni kama mgeni asiyeondoka: kila siku anataka kula.

Lakini wanawali wenye busara tunao hata hapa kwetu. Miaka mingi mji wa Songea ulipata umeme wake kwa mitambo ya dizeli, na dizeli hiyo ililetwa kwa malori. Masista Wabenedikti wa Mtakatifu Agnes wa Chipole waliutazama mto Ruvuma, wakajenga mtambo wa maji pale Tulila. Ulianza kazi mwaka 2015, nguvu yake megawati 5, na umeme wake waliwauzia TANESCO. Gridi ya Taifa ilifika Songea mwaka 2018. Masista walikuwa wametangulia. Hawakungoja mafuta yaishe ndipo watafute taa.

Sisi hatuwezi kujenga mtambo mtoni, lakini haya twayaweza.

Kwanza, kabla ya kukopa ili kumnunulia kijana pikipiki, mpige hesabu pamoja mezani. Msihesabu bei ya pikipiki tu. Hesabuni petroli ya mwaka mzima, kisha mjiulize: ikipanda kwa theluthi moja, mkopo utalipika? Kama jibu ni hapana, subirini. Na baiskeli iliyoko nyumbani msiiuze.

Pili, tupunguze vitu tunavyotegemea lori lituletee. Samadi ya zizini, mboji, na maharage yakipandwa pamoja na mahindi hulisha udongo bila nauli. Sisemi uache mbolea ya dukani. Nasema usiitegemee peke yake.

Tatu, tuuze pamoja kwa chama cha ushirika, lori liondoke limejaa. Lori nusu tupu hulipwa na mkulima.

Nne, shamba lisiuzwe kwa ahadi za mafuta. Huko Kisarawe na Kilwa walikuja watu wa ng'ambo kulima mbono ili wapate mafuta ya motokaa. Wanakijiji waliachia ardhi kwa maelfu ya ekari. Kufika 2011 kazi zote mbili zilikuwa zimekufa, vibarua wamefukuzwa, na ardhi haikuwa imerudi mikononi mwa wenyewe.

Tano, na hili ndilo kubwa: mama akishikwa na uchungu usiku na bei ya petroli imepanda, mtafanyaje? Kila jumuiya ndogondogo iwe na sanduku lake la nauli ya mgonjwa. Shilingi 500 kwa kila nyumba kila juma si nyingi, lakini kwa mwaka nyumba 20 zitakuwa na shilingi 520,000, na mgonjwa atafika Peramiho.

Wale wanawali wapumbavu waliambiwa waende dukani wakanunue, nao wakaenda. Waliporudi mlango umefungwa. Duka la mafuta lingalipo leo, ndugu msomaji. Tutumie muda huu ulio wazi. Jumapili hii, baada ya Misa, waiteni watu wa jumuiya yenu mlianze lile sanduku.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.