Kura Isiyo na Jina

Watu wa jimbo la Kyela, tangu Ipinda hadi Matema, walimtuma Dakta Harrison Mwakyembe Bungeni toka mwaka 2005 hadi 2020, na katika miaka hiyo yote lililomtangaza zaidi ni ripoti ya Kamati Teule aliyoiongoza juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, iliyosomwa Dodoma mwezi wa Februari 2008, ambayo kwa sababu yake Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Rai ya mbunge siku ile ilikuwa bayana, kwani aliisema kwa kinywa chake ikaandikwa kwa jina lake.

Lakini atakaye kujua mbunge huyo, au yeyote mwingine, aliamua nini juu ya miswada, kwa kawaida hapati jawabu. Maana Spika huwahoji wabunge, sauti za “Ndiyo” na “Siyo” zikavuma pamoja, na karani akaandika tu kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Bajeti huamuliwa kwa kuita majina, nayo si mizani ya kutosha, kwa kuwa Ibara ya 90 ya Katiba humruhusu Rais kulivunja Bunge linaloikataa. Tena mbunge akiteuliwa katika serikali, kama alivyoteuliwa Mwakyembe baada ya uchaguzi wa 2010, ulimi uliokuwa ukihoji hufungamana na kauli ya wenziwe wanaohojiwa.

Wako wasemao kwamba kuandika majina kutawatia wabunge hofu ya vyama vyao, maana Ibara ya 71 humvua kiti aliyekoma kuwa mwanachama. Hofu hiyo ina msingi. Walakini vyama vina wanadhimu wao humo ukumbini, ambao hawakosi kutambua nani kaafiki na nani kanyamaza, hata asiyejua akabaki kuwa mpiga kura peke yake. Siri ya namna hii haimlindi mbunge na chama chake. Yamkinga na waliomtuma.

Mkulima wa kakao wa Kyela apelekapo mzigo wake ghalani hupewa stakabadhi yenye uzani na jina, wala hakubali kuambiwa kwamba kakao ya wote imepokewa kwa jumla. Basi kila muswada usomwapo mara ya tatu na uamuliwe kwa majina, yachapishwe, ili ifikapo saa ya kuchagua, watu wa Kyela wamhukumu mbunge wao kwa matendo, wala si kwa sifa.