Kitabu cha Parokia ni cha Kijiji Kizima

Anayetafuta nasaba yake katika vijiji vya Uingereza siku hizi hupita njia fupi. Huandika jina la ukoo kwenye kompyuta, hupata tarehe ya ubatizo, hulishika jina la baba, kisha hupanda kizazi baada ya kizazi mpaka majina yanapokatika. Mwisho wa safari huwa na orodha ndefu ya marehemu, lakini historia bado hana. Vitabu vya parokia havikuandikwa ukoo kwa ukoo. Viliandikwa kijiji kwa kijiji, mwenye shamba na kibarua wake wakifuatana kwenye ukurasa mmoja, na siri zake humfungukia anayeusoma ukurasa mzima. Kwa hiyo nasema kwamba anayeruka historia ya kijiji ataikosea hata ile ya familia yake.

Vitabu hivyo vina asili yake. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Kasisi alitakiwa kuandika kila Jumapili mbele ya wasimamizi wa kanisa, na daftari lifungiwe katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwake na mwingine kwao. Huko Devon na Cornwall watu waliingiwa na hofu kwamba mfalme anawaandika ili awatoze. Baadaye kodi ilikuja kweli: kuanzia 1783 hadi 1794 kila ubatizo, ndoa au maziko yaliyoandikwa yalilipiwa peni tatu, na maskini wakasamehewa. Sasa mfikirie mtu anayemkuta mzee wake ameandikwa maskini mwaka 1785. Atahitimisha kwamba ukoo ulikuwa fukara, ilhali pengine kasisi alimwonea huruma mtu asiyetaka kulipa. Atakuta pia watoto watatu wa nyumba moja wamebatizwa siku moja mwaka 1794, adhani ni mapacha, kumbe huenda wazazi walisubiri kodi iishe. Mstari mmoja hauwezi kumsahihisha. Akisoma kurasa za miaka ya kabla ya kodi na za baada yake, ataona majirani nao wakifanya vivyo hivyo.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi unatoka Colyton, parokia ya Devon. Mwaka 1966 mwanahistoria E. A. Wrigley alichapisha matokeo ya kuziunganisha familia za parokia hiyo, ubatizo kwa ndoa na ndoa kwa maziko. Alikuta kwamba kati ya 1647 na 1719 wanawake wa Colyton waliolewa kwa mara ya kwanza wakiwa na wastani wa karibu miaka 30, wakati wale wa karne iliyotangulia waliolewa wakiwa na miaka 27 hivi. Waliodhani kwamba msichana wa kijijini wa zamani aliolewa angali mtoto walilazimika kufikiri upya. Na mabadiliko yenyewe yalianza mara tu baada ya tauni ya 1645 na 1646 kujaza daftari la maziko. Wrigley alitoa hoja kwamba watu wale walipunguza uzazi kwa makusudi. Wengine wamebishana naye kuhusu sababu, lakini mtu mwenye bibi wa Colyton aliyeolewa na miaka 31 hawezi hata kuuingia mjadala huo kama amesoma mstari wa bibi yake tu. Atamwona mwanamke aliyechelewa, kumbe aliolewa pamoja na rika lake.

Nitaambiwa kwamba kusoma parokia nzima ni kazi ya wataalamu, na kwamba faharasa za kompyuta zimewaokoa watu wa kawaida na miaka ya kufunua kurasa. Nazithamini faharasa hizo. Hata hivyo, Wrigley na R. S. Schofield walipochapisha historia ya idadi ya watu wa Uingereza mwaka 1981, walijenga juu ya takwimu za parokia 404, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo ilifanywa na watu wa kujitolea, wapenzi wa historia ya mahali pao. Wasio wataalamu ndio waliokaa na madaftari.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba madaftari yenyewe yana matundu. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 parokia nyingi ziliacha kuandika. Wabaptisti hawakuleta watoto wao kanisani. Watu nao walihama mno: katika kijiji cha Clayworth, Nottinghamshire, kasisi aliorodhesha wakazi mwaka 1676 na tena 1688, na zaidi ya nusu ya wale wa kwanza hawakuwamo tena. Yote hayo ni kweli, na kwangu ndiyo sababu ya kutolifuata jina peke yake. Jina likipotea, msomaji wa kijiji ana pengine pa kugeukia. Sheria ya 1662 iliruhusu mgeni anayeonekana atakuwa mzigo kwa parokia arudishwe kwao, na baadaye mahakimu waliwahoji maskini kwa kiapo: ulizaliwa wapi, ulimtumikia nani, kwa muda gani, kwa ujira upi. Karatasi za mahojiano hayo zilitunzwa kwa ajili ya kuwafukuza watu, na uchungu wake haufutiki. Lakini humo kibarua asiyejua kusoma anaeleza maisha yake, mwajiri baada ya mwajiri, kwa urefu ambao daftari la ubatizo halikumpa kamwe.

Tena wako ambao jina la ukoo haliwezi kuwafikia kabisa, kwa kuwa waliandikwa bila jina hilo. Waafrika walioishi Uingereza katika karne za 16 na 17 wengi wao wametambuliwa na watafiti waliofunua madaftari na nyaraka za parokia ukurasa kwa ukurasa. Miranda Kaufmann, katika kitabu chake *Black Tudors* cha 2017, anamweleza Cattelena, mwanamke Mwafrika asiye na mume aliyeishi Almondsbury, kijiji kilicho karibu na Bristol. Alipofariki mwaka 1625 watu walikwenda kuorodhesha mali yake. Alikuwa na matandiko, vyungu vidogo, kinara cha mshumaa na kitambaa cha meza. Kitu chake cha thamani kuliko vyote kilikuwa ng'ombe, ambaye bila shaka alilishwa kwenye nyasi zilezile za majirani zake.