Mifumo ya pembejeo itengewe nguvu yake wakati wa msimu

TANGU msimu wa 2022/23, mkulima wa Tarime au Serengeti anayetaka mbolea ya ruzuku hana budi kusajiliwa katika mfumo wa kompyuta unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), na wakala wa pembejeo huuza kupitia mfumo huo huo. Mfumo ukigoma, mfuko hautoki dukani hata kama upo na fedha ziko mkononi.

Mkulima aliyekwenda Mugumu au Sirari akarudi mikono mitupu amepoteza nauli na siku ya kupanda, na muuzaji amepoteza mauzo. Wote huambiwa "mtandao hakuna". Maneno hayo huficha mambo mawili tofauti. Mara nyingine tatizo ni mnara wa simu. Mara nyingine mnara ni mzima, ila kompyuta inayobeba mfumo imeelemewa, na hilo ni suala la mgawanyo.

Siku hizi si kila mfumo una kompyuta yake. Kompyuta kubwa moja, yaani seva, hugawanywa kwa programu ikawa kama kompyuta nyingi ndogo, ambazo huitwa kompyuta pepe. Kampuni ya IBM ya Marekani imeuza ufundi huu tangu mwaka 1972. Hapa nchini, Kituo cha Taifa cha Data cha Kijitonyama, Dar es Salaam, kilichozinduliwa mwaka 2016, hukodisha nafasi ya aina hiyo kwa taasisi za umma na binafsi.

Kompyuta pepe huwekwa katika mafungu. Kila fungu hupangiwa kiwango cha chini lisichonyang'anywa, kikomo lisichovuka, na hisa. Hisa hufanya kazi pale tu panapokuwa na msongamano, kama ilivyo kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe: masika kila mwenye kundi hunywesha apendavyo, zamu huanza kiangazi.

Hapa ndipo hesabu huwaponyoka wengi. Tuseme fungu la kilimo lina hisa 6,000 na la ofisi lina 2,000. Kwa macho, kilimo kimependelewa mara tatu. Lakini kilimo kikiwa na kompyuta pepe 20 zenye haki sawa, kila moja hupata hisa 300. Ofisi ikiwa na 2 tu, kila moja hupata 1,000. Wanaushirika wanaijua hesabu hii, kwani faida kubwa ya chama chenye watu wengi inaweza kuwa gawio dogo kwa mwanachama.

Kwa hiyo, taasisi zinazoendesha mifumo ya ruzuku na ya ushirika ziandike katika mikataba ya seva kiwango cha chini kitakachohakikishwa tangu usajili hadi mwisho wa kupanda. Hisa zipangwe upya kila kompyuta pepe inapoongezwa. Ripoti zisizo za haraka ziwekewe kikomo na zifanyike usiku. Haiwezekani kuuhakikishia kila mfumo, kwa kuwa jumla ya viwango hivyo haiwezi kuzidi uwezo wa seva. Lazima kuchagua, na ripoti ikichelewa siku tatu hakuna shamba litakaloharibika.

Halmashauri na mawakala nao waandike tarehe na saa ya kila mara mfumo unapogoma, na kama simu za kawaida zilikuwa zinapatikana. Bila daftari hilo, kila hitilafu itaendelea kuitwa mtandao na hakuna atakayewajibika.