Orodha itaje na iliowaacha

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliziachia wilaya za Rufiji na Kibiti, Tanzania, orodha nyingi: za kaya zilizopoteza nyumba, za mashamba yaliyozama, za wanaosubiri mbegu. Mimi ni mzaliwa wa Nyamisati, Kibiti, na riziki yangu ni kutengeneza mifumo ya intaneti, hivyo orodha hizo nilizitazama kwa jicho la kazi. Nina neno kwa mafundi wenzangu na kwa wanaotulipa: orodha yoyote iliyochujwa iseme, pale pale juu yake, imechujwa kwa sharti gani na imeacha watu wangapi.

Wengi wetu tunatumia Django, kiunzi kilichozaliwa ndani ya gazeti, Lawrence Journal-World la Kansas, Marekani, kikatolewa kwa umma mwaka 2005. Mafundi wa gazeti hilo walikitengeneza wakikimbizana na saa zake, na wepesi huo umebaki. Kuchuja watu elfu kumi ni mstari mmoja tu: nipe wa wilaya hii, wenye simu iliyothibitishwa. Majina yanajaa kwenye skrini, karani anaridhika. Anayekamua nazi kwa kifumbu huyaona machicha yake. Karani haoni kilichobaki.

Na huku kwetu kinachobaki ni kingi. Sensa ya 2012 iliihesabu Kibiti ndani ya Rufiji, ya 2022 ikaihesabu kama wilaya inayojitegemea. Mtu wa Salale au Mbuchi, huko Kibiti, aliyeingizwa kwenye mfumo kabla ya mgawanyo anaweza kubaki "wa Rufiji" hadi leo. Chuja Kibiti, hayumo. Chuja Rufiji, yumo, lakini ofisa wa Utete, makao makuu ya Rufiji, anamruka kwa kuwa si mtu wake. Kisha kuna tahajia: Muhoro wengine huandika Mohoro, Saidi anakuwa Said, Mohamedi anakuwa Mohamed, na mfumo ulioambiwa utafute herufi zile zile unamfanya mtu mmoja kuwa wawili.

Linaloniumiza zaidi ni nafasi tupu. Katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata nyingi, ukitaka wote ambao kijiji chao si Nyamisati, yule ambaye kijiji chake hakikujazwa haji. Ukitaka wa Nyamisati, haji pia. Anakosekana kwenye swali na kwenye kinyume chake, na hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Sasa fikiria delta ya Rufiji, ambako fomu hujazwa mashua ikisubiri kuondoka kabla maji hayajakupwa, na mzee hana simu wala namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) mkononi.

Nilikuwa kwenye meza moja ya kugawa mbegu pale bibi mmoja, mkulima wa mpunga kutoka visiwa vya delta, alipoambiwa hayumo.

"Mwanangu, mimi niliandikwa. Na kidole niliweka."

"Bibi, nimetafuta jina lako. Halipo."

Karani hakuwa mtu wa dharau. Alitafuta tena, akamgeuzia skrini aone mwenyewe. Nikamwomba aondoe sharti la simu. Jina likatokea, majina yote matatu, yameandikwa vizuri, na nafasi ya simu ikiwa wazi kwa sababu bibi hupigiwa kwa simu ya mjukuu. Alipewa mbegu. Waliokwisha kurudi kwenye mashua kabla yake ni wangapi, pale mezani hakuna aliyeweza kusema, maana mfumo haukuhesabu.

Nitaambiwa kwamba bila kuchuja wataingia wasiostahili na wengine wataandikwa mara mbili. Ni kweli, nami nachuja kila siku. Sipingi sharti, napinga sharti lililofichwa, hasa lile ambalo fundi ameliweka tangu mwanzo na karani hajui kama lipo.

Halmashauri inaponunua mfumo, iandike kwenye mkataba kwamba kila orodha ionyeshe maneno ya namna hii: "Unaona 412 kati ya 530. Waliobaki 118 hawana simu. Bonyeza uwaone." Wasiojaziwa kijiji wawe na kundi lao linaloonekana. Majina ya vijiji yachaguliwe kwenye orodha moja badala ya kila karani kuandika lake, na kila kijiji cha Kibiti kibebe pia kumbukumbu kwamba zamani kilisomeka Rufiji. Hesabu ya waliobaki ni kutoa tu, na kuiweka kwenye mfumo wa Django hakumalizi hata siku moja ya fundi.