Miwani ya kuchanjia kuni: chagua ile utakayoivaa mpaka mwisho



Kuchanja kuni ni kazi ya kila siku kwetu Pwani. Kuanzia Kaole mpaka Saadani, kuanzia Kiwangwa mpaka Msata, nyumba nyingi bado zinapika kwa kuni. Shoka likipiga gogo kavu la mkorosho, vibanzi huruka. Kibanzi kikikupiga mguuni, utajifuta na kuendelea na kazi. Kikikupiga jichoni, unaweza kuwa chongo maisha yako yote.

Wapo walionunua miwani ya kukinga macho. Lakini ukiwapitia wakiwa kazini, utaona miwani iko juu ya paji la uso, au imetundikwa mtini. Ukiuliza sababu, utajibiwa: "Inaingia ukungu, sioni." Jibu hilo ni la haki. Mtu asiyeona akipiga shoka atakata mguu wake. Simlaumu aliyeivua. Ninasema miwani hiyo haifai kwa kazi hiyo.

Ukungu unatoka wapi? Hewa yetu ya Pwani ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika. Anayechanja kuni hutoka jasho na kuhema. Mvuke wa jasho na pumzi hunaswa nyuma ya kioo, ukageuka matone madogo. Ndivyo unavyofanya mfuniko wa sufuria ya wali. Miwani iliyozibwa pande zote ndiyo inayosumbua zaidi.

Maoni yangu ni haya. Kwa kuchanja kuni, miwani ya wavu wa waya ndiyo bora. Haina kioo, kwa hiyo hakuna pa kushika ukungu. Upepo unapita, na kibanzi cha mti kinagonga wavu na kuanguka. Chagua yenye wavu mgumu usiobonyea kwa kidole. Iwe inafunika macho mpaka pembeni, na iwe na mkanda wa kufunga nyuma ya kichwa.

Lakini wavu hauzuii kila kitu. Vumbi hupita. Utomvu hupita. Chembe ndogo za chuma nazo zinaweza kupita. Basi ukikata ua wa mnyaa, au ukipiga kabari ya chuma kwa nyundo, vaa miwani ya plastiki ngumu. Tafuta yenye matundu ya hewa yaliyokingwa, ili hewa ipite na utomvu usiingie.

Ili miwani ya plastiki isiingie ukungu upesi, fanya hivi:

1. Funga kitambaa kwenye paji la uso kinyonye jasho.
2. Usifunge leso au kanga juu ya pua na mdomo. Pumzi itapanda kwenye miwani.
3. Paka sabuni kavu kidogo sana upande wa ndani, kisha futa vizuri kwa kitambaa laini mpaka uone wazi.
4. Pumzika mara kwa mara. Ukitaka kuifuta, weka shoka chini kwanza.

Miwani ya jua ya kawaida usiitegemee. Inaacha pembeni wazi, na kioo chake kinaweza kuvunjika na kukuumiza zaidi.

Utasema fedha hakuna. Nyumba tatu au nne zinaweza kununua moja na kupokezana. Ioshwe kwa sabuni kabla ya kumpa mwingine, ili msiambukizane macho mekundu. Na asipewe baba peke yake. Shoka likihitajika nyumbani, fedha hutafutwa. Mama anayechanja kuni kila jioni naye atafutiwe miwani. Watoto wakae mbali na shoka.

Mwaka 1973 wazee wetu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio kwa kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza kuzuia magonjwa kabla hayajaingia nyumbani. Walichimba vyoo kwa mikono yao. Macho nayo yanataka kinga ya namna hiyo.

Ajali ikitokea, usilisugue jicho. Usitie majani, maji ya mizizi, wala dawa ya matone iliyobaki ya mtu mwingine. Ukiingiwa na utomvu, osha mara moja kwa maji safi mengi, kwa dakika 15 au zaidi. Kitu kikiwa kimechoma jicho, usikitoe, usilioshe na usilibonyeze. Likinge kwa kikombe safi, uende zahanati siku hiyo hiyo, ili upelekwe hospitali upesi. Hata mkwaruzo mdogo wa kijiti una hatari. Kuvu ya mimea inaweza kuingia na kuleta kidonda. Kidonda kikipona kinaweza kuacha kovu jeupe linaloziba nuru. Anayechelewa siku tano akijitibu nyumbani hutupa kazi ngumu sana.

Basi ukienda dukani, usiulize bei tu. Ivae miwani. Iname na uinuke kama unayechanja kuni. Hema kwa nguvu mpaka utoke jasho. Kama bado unaona vizuri, inunue. Muuzaji akicheka, mwache acheke. Jicho ni lako.